Kyu Sakamoto: Nguli wa muziki aliyeponzwa na kosa la fundi

JIONI ya Jumatatu, Agosti 12, 1985, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya Shirika la Ndege la Japan (JAL) iliondoka katika Uwanja wa Haneda mjini Tokyo kuelekea Osaka, safari ya chini ya saa moja. Ndani yake walikuwamo watu 524, na miongoni mwao mwanamuziki mwenye umri wa miaka 43 ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha kuizunguka dunia.

Huyo alikuwa Kyu Sakamoto, Mjapani wa kwanza kushika nafasi ya juu kabisa katika chati ya muziki ya Marekani, tena kwa wimbo ulioimbwa kwa Kijapani kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Hakufika Osaka. Dakika 44 baada ya kuruka, ndege hiyo ilijibamiza kwenye milima ya Mkoa wa Gunma na kuua watu 520. Hadi leo hakuna ajali nyingine iliyohusisha ndege moja iliyopoteza maisha ya watu wengi kiasi hicho.

Kilichomuua Sakamoto na wenzake si bomu, si dhoruba wala si uzembe wa rubani. Ni kipande cha bati ambacho mafundi walikifunga isivyotakiwa miaka saba kabla ya siku hiyo, katika sehemu ya ndege ambayo abiria hawaioni.

Mtoto wa tisa

Sakamoto alizaliwa Desemba 10, 1941 katika mji wa viwanda wa Kawasaki, jirani na Tokyo, siku tatu tu baada ya Japan kuishambulia bandari ya Pearl Harbor na kuiingiza Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto tisa. Jina lake liliandikwa kwa alama ya Kijapani yenye maana ya tisa, ambayo husomeka pia Kyu, na ndilo jina alilofahamika nalo hadi kaburini.

Vita ilipopamba moto, mama yake aliwachukua watoto wadogo na kuwapeleka Kasama, mji mdogo katika Mkoa wa Ibaraki, kuyakimbia mabomu yaliyokuwa yakiangushwa kwenye miji mikubwa. Familia ilirejea Kawasaki mwaka 1949, wakati Japan ikiwa chini ya majeshi ya Marekani.

Kama vijana wengi wa kizazi chake, Sakamoto alikulia katika nchi iliyoshindwa vita, huku redio na kambi za wanajeshi wa Marekani zikimletea muziki mpya wa rock and roll. Aliupenda muziki huo, akajifunza kumwiga Elvis Presley, na kabla hajamaliza shule ya sekondari tayari alikuwa jukwaani.

Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 16, alijiunga na bendi ya The Drifters ya Japan, ambayo haina uhusiano na ile ya Marekani yenye jina kama hilo. Baadaye alihamia kundi la Danny Iida na Paradise King, na huko ndiko nyota yake ilikoanza kung'ara.

Hakuwa mtu wa sura ya kuvutia kama ilivyozoeleka kwa waimbaji wa enzi hizo. Alikuwa na uso wa kawaida uliojaa tabasamu, na sauti iliyopanda na kushuka kama ya mtu anayeimba huku akizuia kwikwi. Wajapani waliona kwake kijana wa mtaani, mtoto wa jirani, wakampenda kwa hilo.

Wimbo wa machozi

Mwaka 1961 mtunzi Hachidai Nakamura aliandika muziki, na mshairi Rokusuke Ei akaandika maneno, ya wimbo ulioitwa Ue o Muite Aruko. Kwa Kiswahili jina hilo lina maana ya tutembee tukitazama juu.

Mwimbaji wa wimbo huo anatembea peke yake usiku akiwa ameinua uso mbinguni ili machozi yasidondoke. Kwa masikio ya wengi ni wimbo wa mapenzi. Lakini Ei aliutunga akiwa na majonzi ya aina nyingine, baada ya maandamano makubwa ya mwaka 1960 ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japan na Marekani kushindwa kuuzuia mkataba huo.

Sakamoto aliuimba wimbo huo kwenye televisheni ya taifa ya Japan, NHK, na rekodi yake ilipotoka mwaka huo huo ikanunuliwa kama njugu.

Safari yake kwenda nje ya Japan ilikuwa ya bahati. Louis Benjamin, kiongozi wa kampuni ya Pye Records ya Uingereza, aliusikia akiwa ziarani Japan na kuondoka nao. Bendi ya Kenny Ball ikaupiga kwa vyombo vitupu mwaka 1963, lakini ikaonekana Waingereza wasingeweza kulitamka jina lake. Ukapewa jina jipya la Sukiyaki, ambacho ni chakula cha Kijapani cha nyama ya ng'ombe na mboga.

Jina hilo halikuhusiana kwa lolote na machozi, usiku wala upweke. Ni sawa na mtu kuchukua wimbo wa huzuni wa Kiswahili na kuuita pilau. Hata hivyo, ndilo lililoshika.

Nchini Marekani, mtangazaji wa kituo kidogo cha redio katika jimbo la Washington alianza kuipiga rekodi ya Sakamoto mwenyewe, na simu za wasikilizaji hazikukatika. Kampuni ya Capitol ikaitoa rekodi hiyo, na Juni 1963 ikapanda hadi namba moja katika chati ya Billboard Hot 100, ambako ilikaa wiki tatu.

Miaka 18 tu ilikuwa imepita tangu mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Mamilioni ya Wamarekani, wakiwamo waliopoteza ndugu katika vita dhidi ya Japan, walinunua na kuimba wimbo ambao hawakuelewa hata neno lake moja. Agosti mwaka huo Sakamoto alitua Marekani na kuonekana katika kipindi cha televisheni cha Steve Allen, na mwaka uliofuata akakabidhiwa rekodi ya dhahabu. Inakadiriwa kuwa nakala zaidi ya milioni 13 za wimbo huo ziliuzwa duniani.

Nyimbo zake nyingine hazikufua dafu Marekani. Nyumbani, hata hivyo, aliendelea kuwa mtu wa kila rika. Aliimba, aliigiza filamu, aliongoza vipindi vya televisheni na kusimulia tamthilia ya vikaragosi ya NHK iliyopendwa na watoto katikati ya miaka ya 1970.

Mwaka 1971 alimuoa mwigizaji Yukiko Kashiwagi, na wakajaaliwa mabinti wawili.

Kadiri umri ulivyosogea ndivyo alivyozidi kuelekeza nguvu kwa wasiojiweza. Kuanzia mwaka 1976 aliongoza kipindi cha televisheni katika kisiwa cha Hokkaido kilichozungumzia maisha ya watu wenye ulemavu na ustawi wa jamii, kazi aliyoifanya hadi mwaka aliokufa. Kwa kazi hiyo alilazimika kusafiri mara kwa mara, na usafiri wa haraka ulikuwa wa ndege.

Ndege yenye kovu

Wakati Sakamoto akiwa katika pilikapilika hizo, ndege iliyokuja kumuua nayo ilikuwa kazini. Ilikuwa na namba ya usajili JA8119, na JAL ilikuwa ikiitumia tangu mwaka 1974.

Haikuwa Boeing 747 ya kawaida. Ilikuwa ya aina maalumu ya SR, iliyoimarishwa kwa ajili ya safari fupi za ndani ya Japan. Katika safari hizo ndege ilibeba zaidi ya abiria 500 na kuruka na kutua mara kadhaa kwa siku, tofauti na zile za masafa marefu ambazo huweza kutua mara moja au mbili tu.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Ndege inapopanda juu, hewa ya nje huwa nyepesi mno kwa binadamu kupumua, hivyo hewa husukumwa ndani ya chumba cha abiria. Mwili wa ndege hutanuka kidogo kama puto, na inaposhuka husinyaa tena. Kila safari ni pumzi moja ya chuma, na kwa ndege kama JA8119 pumzi hizo zilikuwa nyingi.

Sehemu ya nyuma kabisa ya chumba cha abiria hufungwa na kiambaza cha alumini chenye umbo la bakuli. Upande wake wa mbele kuna hewa ya kupumua na watu, na upande wa nyuma kuna mkia wa ndege na hewa ya nje. Kiambaza hicho ndicho kinachozuia hewa ya ndani isifyatukie nyuma kwa nguvu.

Juni 2, 1978, JA8119 ilipokuwa ikitua katika Uwanja wa Itami mjini Osaka, rubani aliinua pua ya ndege kupita kiasi na mkia ukagonga njia ya kurukia. Abiria kadhaa walijeruhiwa, na kiambaza cha nyuma kikaharibika.

JAL iliikabidhi kazi ya matengenezo kwa watengenezaji wenyewe wa ndege, Kampuni ya Boeing, ambayo ilileta mafundi wake Haneda. Uamuzi wa mafundi hao ulikuwa kuondoa nusu ya chini ya kiambaza iliyoharibika, kuweka nusu mpya, kisha kuiunga na nusu ya juu ya zamani kwa ribiti.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Katika sehemu ya maungio, kingo za mabati mawili hazikupishana kwa upana wa kutosha. Dawa yake, kwa mujibu wa maelekezo ya wahandisi, ilikuwa kuingiza katikati bati moja zima la kuungia, ambalo lingeshikwa na safu tatu za ribiti ili mzigo ugawanyike.

Badala yake, mafundi waliweka bati lililokatwa vipande viwili. Kwa macho ribiti zote zilikuwapo mahali pake. Lakini kwa kuwa bati halikuwa zima, mzigo uliotakiwa kubebwa na safu mbili za ribiti ukaangukia safu moja.

Ni mfano wa mtu anayefunga kamba mbili kuning'iniza mzigo, huku kamba moja ikiwa haijafika kwenye mzigo. Anayetazama kwa mbali huona kamba mbili, lakini mzigo unajua kuwa iko moja.

Ukaguzi ulifanyika, karatasi zikasainiwa na ndege ikarudishwa angani. Miaka saba iliyofuata ilifanya safari zaidi ya 12,000. Katika kila safari ile safu moja ya ribiti ilivutwa na kuachiwa, na nyufa ndogo zikaanza kutambaa kutoka tundu moja la ribiti hadi jingine. Wakaguzi wa JAL waliifungua ndege kwa matengenezo makubwa mara kadhaa katika kipindi hicho, lakini nyufa hizo hazikubainika.

Baadaye Boeing ilikadiria kuwa maungio ya aina hiyo yangeweza kuhimili takribani safari 10,000. Kwa hesabu hiyo, muda wa JA8119 ulikuwa umekwisha kupita bila mtu yeyote kujua.

Dakika 32

Agosti 12 ilikuwa mkesha wa Obon, sikukuu ambayo Wajapani hurejea makwao kuwakumbuka marehemu wa familia zao. Treni na ndege zote zilikuwa zimefurika.

Sakamoto alikuwa Tokyo akirekodi kipindi cha redio, na jioni alitakiwa afike Osaka kumuunga mkono rafiki yake wa zamani aliyekuwa akigombea udiwani. Inaelezwa kuwa kwa kawaida alipendelea kusafiri na shirika jingine la ndege, lakini kutokana na msongamano wa sikukuu alipata nafasi katika ndege ya JAL namba 123.

Ndege iliruka saa 12:12 jioni. Saa 12:24, ikiwa imefika urefu wa mita 7,200 hivi juu ya Ghuba ya Sagami, ile safu ya ribiti iliachia.

Kiambaza kilipasuka. Hewa ya chumba cha abiria ikafyatukia nyuma kwa nguvu kubwa, ikang'oa sehemu kubwa ya mkia uliosimama na kukata mabomba ya mafuta ya haidroliki.

Boeing 747 ina mifumo minne ya haidroliki inayojitegemea, ili mmoja ukiharibika mingine iendelee kuzungusha usukani na mabawa. Watengenezaji waliamini kuwa haiwezekani yote minne ikafa kwa pamoja. Lakini mabomba ya mifumo yote minne yalipita katika sehemu moja ya mkia, na pigo moja likayakata yote.

Kapteni Masami Takahama na wenzake wawili walibaki na usukani usiotii. Ndege ilianza kupanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, huku ikiyumba kulia na kushoto.

Walichokuwa nacho ni injini nne tu. Kwa kuongeza nguvu upande mmoja na kupunguza mwingine, kisha kushusha magurudumu na flapu kwa umeme, marubani hao walihangaika kuirudisha ndege Haneda kwa dakika 32, wakipita jirani na Mlima Fuji na kuzidi kuingia milimani.

Baada ya ajali, marubani wengine walipowekwa katika mtambo wa kuigizia urushaji wa ndege na kupewa hitilafu hiyo hiyo, hawakuweza kudumu angani kwa muda kama huo. Mwaka 1987 Takahama na wenzake walitunukiwa heshima ya juu ya shirikisho la kimataifa la vyama vya marubani, wakiwa tayari marehemu.

Ndani ya chumba cha abiria barakoa za hewa zilikuwa zimedondoka. Baadhi ya abiria walichukua kalamu na kuandika buriani kwa wake, waume na watoto wao kwenye karatasi, daftari za kumbukumbu na hata kwenye mifuko ya kutapikia. Karatasi hizo ziliokotwa baadaye milimani na kukabidhiwa kwa familia.

Saa 12:56 jioni, ndege iligonga mlima katika eneo la kijiji cha Ueno, mahali ambapo tangu siku hiyo dunia inapajua kwa jina la Osutaka.

Usiku mrefu

Ndege ya kijeshi ya Marekani iliyokuwa jirani iliuona moshi na moto katika muda wa takribani dakika 20. Hata hivyo, waokoaji wa Japan hawakufika kwenye eneo hilo hadi asubuhi ya siku iliyofuata. Giza, miteremko mikali na taarifa zilizopingana kuhusu mahali halisi vilichelewesha msafara, na helikopta iliyopita usiku ilitoa taarifa kwamba haikuona dalili ya mtu aliye hai.

Dalili zilikuwapo. Asubuhi walipatikana wanne wakiwa hai, wote wa jinsia ya kike, wawili kati yao wakiwa watoto, na wote walikuwa wameketi sehemu ya nyuma. Walisimulia kuwa usiku ule walisikia sauti za majeruhi wengine, ambazo zilififia moja baada ya nyingine kabla ya mapambazuko. Madaktari waliochunguza miili nao waliona kuwa baadhi ya marehemu wangeweza kuokolewa.

Sakamoto hakuwa miongoni mwa wanne hao. Kwa siku kadhaa mkewe alisubiri pamoja na mamia ya familia nyingine, hadi mwili ulipotambuliwa kwa msaada wa kidani alichokuwa akivaa, kinachotoka katika hekalu la Kasama, mji ule ule uliomhifadhi alipokuwa mtoto wakati wa vita.

Nani wa kulaumiwa

Mwezi uliofuata, Boeing ilikiri kuwa matengenezo ya mwaka 1978 yalikuwa na kasoro. Ripoti ya tume ya serikali ya Japan ya kuchunguza ajali za ndege, iliyotolewa Juni 1987, ilithibitisha kuwa chanzo ni kupasuka kwa kiambaza kutokana na nyufa zilizoanzia kwenye maungio yale, na ikaeleza pia kuwa nyufa hizo hazikugunduliwa wakati wa ukaguzi.

Rais wa JAL, Yasumoto Takagi, aliachia ngazi. Meneja mmoja wa matengenezo wa shirika hilo alijiua. Polisi walipeleka majalada ya watumishi wa JAL, Boeing na wizara kwa waendesha mashtaka, lakini hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Kwa familia za marehemu hilo lilikuwa donda jingine. Ugumu wake unaeleweka hata hivyo. Fundi aliyekata bati, msimamizi aliyelipitisha, mkaguzi wa shirika aliyeipokea ndege, ofisa wa serikali aliyeidhinisha na wakaguzi wa miaka iliyofuata, kila mmoja alimwamini aliyemtangulia. Mnyororo huo wa kuaminiana, uliowekwa ili mmoja akikosea mwingine amrekebishe, uligeuka kuwa njia ya kulipitisha kosa lile lile mkono kwa mkono.

Mabadiliko yalifuata. Ndege za Boeing 747 ziliwekewa kifuniko cha kuzuia hewa isiingie kwa kishindo ndani ya mkia uliosimama, pamoja na vali maalumu ya kuzuia mafuta ya haidroliki yasimwagike yote bomba linapokatika.

Lakini somo la fundi liliendelea kudai ada. Juni 1990, kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kiling'oka angani Uingereza kwa sababu kilikuwa kimefungwa kwa bolti ambazo nyingi zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa. Kapteni alivutwa nje nusu mwili na kuokolewa na wenzake waliomshika miguu hadi ndege ilipotua.

Januari 31, 2000, ndege ya Alaska Airlines ilianguka baharini karibu na California na kuua watu wote 88, baada ya skrubu kubwa ya kuongozea mkia kusagika kwa kukosa grisi.

Mei 25, 2002, Boeing 747 ya China Airlines ilisambaratika angani karibu na Taiwan na watu wote 225 wakapoteza maisha. Wachunguzi walikuta kisa kinachofanana mno na cha Osutaka: mkia uligonga ardhi wakati wa kutua mwaka 1980, ukabandikwa bati bila kuondoa sehemu yote iliyokwaruzika, na nyufa zikakua chini ya bati hilo kwa miaka 22.

Mwaka 2006, JAL ilifungua kituo cha elimu ya usalama karibu na Haneda. Humo yamehifadhiwa mabaki ya kiambaza kile pamoja na baadhi ya vitu vya marehemu, na wafanyakazi wa shirika hilo hupelekwa kuyaona, ili anayeshika spana ajue anashika nini.

Wimbo wa Sakamoto nao haukuzikwa. Kundi la A Taste of Honey lilikuwa tayari limeurudisha kwenye chati za Marekani kwa Kiingereza mwaka 1981, na kundi la 4 P.M. likafanya hivyo hivyo katikati ya miaka ya 1990. Tetemeko na tsunami vilipoikumba Japan Machi 2011, ndio miongoni mwa nyimbo zilizoimbwa kuwafariji walionusurika. Katika mji wa Kuriyama, Hokkaido, kuna jumba la kumbukumbu yake, na wanaastronomia wamelipa jina lake jiwe mojawapo linalolizunguka jua.

Kila mwaka Agosti 12, familia za waliopoteza ndugu zao hupanda mlima wa Osutaka kwa miguu hadi mahali ndege ilipoangukia. Wazee waliopanda wakiwa vijana sasa hushikwa mkono na wajukuu ambao hawakuwahi kuwaona marehemu. Huko kengele hugongwa, kisha watu hushuka kabla giza halijaingia.